Bili ya Yuniti 41: Uchambuzi wa Mfumo wa Maji Katika Nyumba Mpya, Wakiso

Nyumba iko upande wa Kira, wilaya ya Wakiso, Uganda. Ina vyumba vinne vya kulala, haina ghorofa, ina mabafu mawili ya familia na choo kimoja cha wageni. Watu sita walihamia Januari. Bili ya Februari ilisoma yuniti 17, ya Machi 18, ya Aprili 19. Yuniti moja ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, kwa hiyo yuniti 18 kwa watu sita ni kama lita 100 kwa kila mtu kwa siku. Hapo hapana cha kushangaza. Mei ikaruka hadi 29, na Juni ikafika 41.

Katika majuma hayohayo rangi ya korido ilianza kufanya malengelenge juu kidogo ya sketi (ukanda unaozunguka chini ya ukuta), choo cha wageni kikaanza kunuka, na shawa ya bafu kubwa ikawa inatoa uzi tu wa maji. Kila aliyeulizwa alikuwa na jibu lake. Wa rangi alisema plasta haikukauka vizuri, ipakwe upya. Jirani alisema mita imeharibika. Aliyeitwa kuangalia harufu alishauri shimo la septiki linyonywe, ingawa lilikuwa na miezi mitano tu, wakati shimo la nyumba ya watu sita kwa kawaida hunyonywa baada ya miaka miwili au mitatu.

Yote manne yalikuwa na asili moja. Kila hitilafu iliyopatikana hapa ilikuwa imejengwa ndani ya nyumba kabla familia haijahamia. Mabomba yalifunikwa kwa plasta na udongo bila kupimwa kwa presha na bila kusafishwa, kisha matumizi ya kila siku, joto la maji na mvua za Machi hadi Mei zikafichua kilichofichwa. Ndiyo maana nyumba mpya inahitaji kuangaliwa zaidi katika mwaka wake wa kwanza kuliko katika mwaka wa tano, na ndiyo maana tunaeleza hapa hatua kwa hatua jinsi maji yaliyokuwa yakipotea yalivyotafutwa bila kubomoa ovyo.

Mfumo ulivyo

Maji ya shirika la taifa la maji, NWSC, yanaingia kupitia mita iliyo kwenye ukuta wa uzio. Kutoka hapo bomba jeusi la plastiki, HDPE, la milimita 25 linapita chini ya njia ya gari kwa mita 32 hadi tanki la chini la lita 5,000, ambalo hujifunga lenyewe kwa valvu ya boya. Pampu inasukuma maji hadi tanki la lita 1,500 lililo juu ya mnara wa chuma, kitako chake kikiwa mita 5.5 kutoka ardhini. Kutoka hapo maji yanashuka yenyewe: bomba moja kwa maji baridi, jingine kwa hita ya sola ya lita 200 iliyo juu ya paa. Mabomba yote ya ndani ni PPR, plastiki ngumu inayounganishwa kwa kuyeyushwa. Maji taka yanakwenda septiki na kisha shimo la kunyonya nyuma ya nyumba, ambako maji hupenya udongoni.

Mpangilio huu ni wa kawaida sana Kampala na pembezoni mwake, kwa sababu sehemu za milimani mara nyingi hupata presha nzuri usiku tu. Lakini una jambo moja linalowachanganya wenye nyumba wengi: mita haioni kinachotokea ndani ya nyumba moja kwa moja. Inaona tanki la chini likijaa, basi. Kufunga koki za sinki zote na kwenda kutazama mita hakutakuambia kitu ikiwa tanki la chini linajazwa wakati huo. Mfumo lazima ukatwe vipande na kila kipande kipimwe peke yake.

Vipimo

Kabla ya chochote, namba iliyoandikwa kwenye bili ililinganishwa na namba iliyo kwenye mita. Wakati mwingine bili huandikwa kwa makadirio, na mtu akaanza kuchimba ua kutafuta maji ambayo hayajawahi kupotea. Hapa namba zililingana na mwendo wa mita, kwa hiyo maji yalikuwa yanapita kweli.

Kipande cha kwanza kilikuwa mita hadi tanki la chini. Koki iliyo kabla tu ya valvu ya boya ilifungwa kabisa. Sasa bomba la mita 32 lilikuwa limefungwa upande mmoja, na maji hayakuwa na pa kwenda. Kwenye uso wa mita kuna kijigurudumu kidogo chenye umbo la nyota, ambacho huzunguka hata kwa maji machache sana. Kilikuwa kinazunguka, polepole lakini bila kusimama. Mshale wa lita ulipotazamwa pamoja na saa ya simu, lita moja ilipita kila dakika nne, sawa na lita 15 kwa saa. Kipimo kilirudiwa saa tano usiku, presha ya mtaa ilipokuwa juu, na bomba la kufurika la tanki la chini likaguswa kwa ndani: kavu. Kwa hiyo valvu ya boya haikuwa na kosa, na tatizo lilikuwa chini ya ardhi.

Kipande cha pili kilikuwa nyumba yenyewe, na hapa tanki la juu lilitumiwa kama kipimo. Kipenyo chake ni mita 1.2, kwa hiyo kila sentimita moja ya kina ni lita 11.3. Saa nne usiku, kila mtu alipokwisha kuoga, swichi ya pampu ilizimwa kwenye ubao wa umeme ili isijaze tanki katikati ya kipimo, na fimbo iliyopakwa chaki ilizamishwa kupitia mfuniko. Alama ya maji ilipimwa kwa futi, yaani utepe wa kupimia. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla mtu hajafungua bomba, fimbo ilizamishwa tena mahali palepale.

Usiku wa kwanza, kila kitu kikiwa wazi, maji yalishuka sentimita 12.5. Hizo ni lita 141 kwa saa nane, karibu lita 18 kwa saa.

Usiku wa pili, koki ndogo za ukutani zinazolisha matanki ya vyoo vitatu zilifungwa. Maji yalishuka sentimita 4, yaani kama lita 5.6 kwa saa. Tofauti, lita 12 kwa saa, ilikuwa inapotelea vyooni.

Usiku wa tatu, pamoja na koki za vyoo, ilifungwa pia koki ya maji baridi yanayoingia kwenye hita ya sola. Asubuhi alama ya chaki ilikuwa palepale. Maana yake ni moja tu: zile lita 5.6 zilikuwa zinatoka kwenye bomba la maji ya moto.

Jumlisha 15, 12 na 5.6: lita 32.6 kwa saa, lita 782 kwa siku, yuniti 23 na nusu kwa mwezi. Ukiongeza yuniti 18 za matumizi ya familia, unapata bili ya Juni. Hesabu inapokutana na bili namna hii, fundi anaweza kuacha kutafuta tundu la nne. Isipokutana, bado kuna kitu, na kufukia mtaro mapema ni kujitafutia kazi ya kufukua tena.

Gharama ya vipimo vyote hivi ilikuwa fimbo, chaki na subira. Kilichowezesha ni kwamba nyumba ilikuwa na koki za kutenga kila sehemu. Nyumba nyingi mpya hazina. Fundi huokoa pesa kidogo kwa kuweka koki moja kuu, na siku ya hitilafu nyumba nzima inakosa maji kwa sababu ya choo kimoja. Anayejenga sasa aweke koki kwenye kila choo, kila bafu, maji yanapoingia na yanapotoka kwenye hita, pande zote mbili za pampu na sehemu ya chini ya kila tanki.

Kiungo chini ya njia ya gari

Udongo wa kifusi chekundu cha murami hunywa maji upesi, ndiyo sababu hapakuwa na dimbwi wala tope. Dalili pekee ilikuwa matofali mawili ya pevingi yaliyokuwa yamezama kwa upana wa kidole, mita 11 kutoka mita. Nondo ndefu ilipigwa pembeni mwao hadi karibu na bomba, na usiku, mtaa ukiwa kimya, sikio lililowekwa kwenye nondo lilisikia mvumo mwembamba. Umbali wa mita tano kutoka hapo nondo haikutoa sauti. Palichimbwa sehemu moja tu.

Bomba lilikuwa sentimita 18 chini ya uso, limelazwa juu ya vipande vya matofali na mawe, na pale palikuwa na kiungo cha kukaza. Kiungo hicho hakikupaswa kuwepo. HDPE ya milimita 25 huuzwa kwa roli za mita 50 na zaidi, na urefu uliohitajika ni mita 32. Aliyelaza bomba alitumia vipande viwili vilivyobaki kazi nyingine. Kipande kimoja kilikatwa mshazari kwa msumeno wa chuma na ncha yake haikulainishwa, kwa hiyo kiliposukumwa ndani kilichana raba ya duara. Kiungo kilishikilia miezi mitatu ya kwanza. Mwishoni mwa Aprili lori la pevingi likapita juu yake, udongo uliolainishwa na mvua ukashuka, bomba likapinda juu ya jiwe, na raba iliyochanika ikaachia. Bili ya Mei ni shahidi.

Marekebisho yalikuwa kubadilisha bomba lote lililo chini ya njia ya gari kwa bomba zima lisilo na kiungo. Kuweka raba mpya kungechukua robo saa, na wengi wangefanya hivyo, lakini kina cha sentimita 18 na mawe vingebaki, na gari litaendelea kupita. Mtaro ulichimbwa sentimita 75. Mchanga sentimita 10 ulitangulia, bomba likapitishwa ndani ya bomba la PVC la milimita 63 kama ala, mchanga sentimita 15 juu, kisha udongo ukashindiliwa kwa tabaka za sentimita 15, siyo kumwagwa wote mara moja. Kwenye bustani, ambako gari halifiki, sentimita 60 zinatosha. Kabla ya kufukia, koki ya tanki ilifungwa na nyota ya mita ikatazamwa kwa nusu saa. Haikutikisika.

Kumbuka mpaka wa kazi: mita na bomba lililo kabla yake ni vya shirika, na lakiri yake haikatwi na fundi wa mtaani. Kuanzia baada ya mita ni mali na mzigo wa mwenye nyumba, na maji yanayovuja huko yanalipwa kama yaliyonywewa.

Elbo ya maji ya moto

Ukuta wa korido haukuhitaji kubahatishwa. Jioni, jua likiwa limepasha hita, mkono uliowekwa ukutani ulihisi joto sehemu moja, karibu na dari, wima juu ya malengelenge ya rangi. Maji yalikuwa yanatoka juu, yanashuka kando ya bomba ndani ya mfereji wa ukuta na kupotelea kwenye mawe ya msingi. Sketi ilipata sehemu ndogo tu ya unyevu huo. Mtu anayebomoa pale penye alama ya rangi angevunja mita mbili za plasta bure.

"Fundi, sasa mtavunja ukuta wote huu?" mama mwenye nyumba aliuliza.

"Hapana, mama. Sentimita arobaini tu, na kabla ya nyundo weka mkono wako hapa uhisi mwenyewe."

Elbo, yaani kiungo cha kona, ya milimita 20 ilipotolewa, kosa lilionekana kwa macho. PPR ikiunganishwa sawasawa, plastiki iliyoyeyuka hutokeza pete mbili ndogo zinazolingana, zikizunguka bomba lote bila pengo. Hapa pete ilikuwa moja, nene upande mmoja na haipo kabisa upande wa pili. Mashine ya kuyeyushia inatakiwa ifike nyuzi 260 na bomba la milimita 20 likae kwenye joto sekunde 5 (milimita 25 sekunde 7, milimita 32 sekunde 8), liingizwe moja kwa moja bila kuzungushwa, kisha lishikwe kimya. Umeme dhaifu unaofika kupitia waya mrefu wa eksitensheni, au fundi aliye na haraka anayeanza kabla taa ya mashine haijaonyesha kuwa iko tayari, hutoa kiungo kilichoshikana kwa ngozi ya juu tu. Kiungo cha namna hiyo hubeba maji baridi kwa miezi bila malalamiko.

Maji ya moto ndiyo yanayokishtaki. PPR ya kawaida hurefuka milimita 0.15 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Bomba lililopita darini lilikuwa mita 6, na kutoka asubuhi hadi jioni joto lake lilibadilika kwa nyuzi kama 40, hivyo lilitaka kurefuka milimita 36 kila siku na kurudi. Darini lilikuwa huru. Kwenye ukuta lilishikwa na plasta. Mwendo wote huo uliishia kwenye elbo moja, tena ile iliyounganishwa vibaya. Ndiyo maana si haki kulaumu aina ya bomba. Lilikuwa bomba sahihi, lililofungwa kana kwamba halitapata moto.

Kipande kilichoharibika kilikatwa, na hapa kuna hatua ambayo mafundi huiruka: bomba lazima likauke kabisa. Tone moja linalotiririka kutoka juu likigusa mashine hugeuka mvuke na kuacha kipovu ndani ya kiungo kipya. Koki ya hita ilifungwa, bomba likamwagwa hadi tone la mwisho, ndani pakafutwa kwa kitambaa kikavu. Elbo mpya na soketi mbili ziliungwa, zikaachwa dakika 2 bila kuguswa na saa nzima bila presha. Darini bomba liliwekwa kona mbili za makusudi zenye umbo la U ili lipate pa kurefukia, vishikizo vikawa vya kuliacha liteleze, na bomba lote la moto likavikwa sponji ya kuhifadhi joto. Pale linapoingia ukutani sponji iliendelea sentimita 30 ndani ya plasta, ili elbo ipate nafasi ya kupumua.

Kipimo cha presha kilichopaswa kufanywa kabla ya plasta kilifanywa sasa, kwa pampu ya mkono yenye geji, saa inayoonyesha presha. Hita, matanki ya vyoo na mikisa (koki zinazochanganya maji ya moto na baridi) za sinki zilitengwa kwanza na ncha kuzibwa, kwa sababu hivyo havivumilii. Hewa ilitolewa kwenye sehemu ya juu kabisa. Presha ilipandishwa hadi bar 15; bar moja ni kama presha ya maji yenye kimo cha mita 10. PPR ikipata presha hutanuka kidogo, kwa hiyo geji hushuka yenyewe mwanzoni. Hilo si tundu. Inarudishwa juu mara mbili, kila baada ya dakika 10, ndani ya nusu saa ya kwanza. Nusu saa inayofuata isishuke zaidi ya bar 0.6, na saa mbili baada ya hapo isishuke zaidi ya bar 0.2. Fundi anayepandisha presha, anatazama geji dakika tano na kusema "iko sawa" hajapima kitu. Mwenye nyumba anayejenga aombe kuona geji mwanzo na mwisho, apige picha zote mbili zikiwa na saa, na plasta isianze kabla ya hapo.

Vyoo vilivyokuwa vinakunywa maji

Rangi ya chakula ilitiwa kwenye tanki la kila choo na bakuli likaachwa dakika 20. Bakuli mbili zilibadilika rangi. Choo cha kwanza kilikuwa na chembe ya saruji iliyokaa chini ya raba ya kufungia, ndogo kama punje ya uwele, lakini ilikuwa imeshachimba kijifereji kwenye raba. Kufuta hakukutosha, raba ilibadilishwa. Choo cha pili kilikuwa na boya lililowekwa juu mno; maji yalikuwa yanamwagika kimyakimya ndani ya bomba la kufurika usiku kucha. Lilishushwa hadi maji yasimame sentimita 2 chini ya mdomo wa bomba hilo. Kazi yote ilikuwa ya dakika chache, na ilikuwa inameza yuniti karibu 9 kwa mwezi.

Chembe ile ilitoka wapi? Mashine ya kukata vigae ilitumika bafuni wakati mabomba yalikuwa na midomo wazi, na mfumo haukuwahi kusafishwa. Mabomba mapya yana mchanga, unga wa saruji, nyuzi za PPR na vipande vya tepu nyeupe. Yanasafishwa kwa kuvua shawa zote na vichujio vyote vya midomo ya bomba, kisha kufungua maji kwa nguvu, kuanzia koki iliyo karibu na tanki hadi ya mwisho, kila moja hadi ndoo ionyeshe maji meupe bila chembe. Hili hufanywa kabla ya kufunga vyoo na mikisa, halafu linarudiwa mwezi wa kwanza na wa tatu.

Harufu na mvua

Harufu ya choo cha wageni ilikuwa na sababu mbili. Trapu ya sakafuni, yaani kona ya bomba inayobakiza maji, ilikuwa kavu. Maji ya sentimita 5 yanayokaa kwenye trapu ndiyo yanayozuia hewa ya septiki kuingia ndani, na bafu lisilotumika huyapoteza kwa kukauka. Lita moja ya maji kila wiki inatosha. Nyumba ikifungwa kwa muda mrefu, kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake huchelewesha kukauka.

Ya pili ilikuwa nzito zaidi. Kila mvua kubwa iliponyesha, choo hiki kilibubujika. Chemba, kishimo cha kukagulia mabomba ya maji taka, ilipofunguliwa ilikutwa kwamba mabomba mawili kati ya manne yanayoshusha maji ya paa yameelekezwa kwenye mfumo wa maji taka. Nusu ya paa hilo ni mita za mraba 90. Mvua ya milimita 30, ambayo Wakiso huipata kwa alasiri moja, inaangusha hapo lita 2,700 kwenye septiki ya lita 4,000. Septiki inahitaji maji yatulie ili uchafu ushuke chini. Yakipita kwa kasi hiyo yanaubeba uchafu hadi shimo la kunyonya na kuziba udongo wake. Shimo la kunyonya lililozibwa hivyo halitibiki kwa kunyonywa, linachimbwa jingine. Hapa iliwahiwa. Mabomba yale yalikatwa siku hiyohiyo na kuelekezwa kwenye tanki la maji ya mvua, na ziada ikapelekwa bustanini.

Chemba hiyohiyo ilikuwa na ulimi wa saruji iliyoganda, mabaki ya kuoshea vifaa vya vigae. Ulitolewa kwa patasi na mkono, siyo kusukumwa mbele.

Shawa

Kichwa cha shawa kilikuwa kimejaa nyuzi za plastiki, na kilipooshwa maji yaliongezeka. Hayakufika pale mwenye nyumba alipotaka, na alistahili kuambiwa ukweli. Kitako cha tanki kiko mita 5.5 na kichwa cha shawa mita 2.6 kutoka ardhini. Tofauti ni mita 2.9, takriban bar 0.29, na mikisa iliyonunuliwa imetengenezwa kwa bar 1. Hakuna usafi utakaoziba pengo hilo. Kuna njia mbili za uaminifu: kununua mikisa na shawa za presha ndogo, au kuweka pampu ndogo yenye swichi ya mtiririko kwenye bomba la bafu hilo, baridi na moto pamoja. Kuinua mnara kwa mita moja kunaongeza bar 0.1 tu, gharama isiyolipa.

Ratiba iliyoachwa na kazi hii

Kila mwisho wa mwezi: kusoma mita usiku na alfajiri, tanki la chini likiwa limejaa na koki yake imefungwa. Namba mbili ziandikwe kwenye daftari linalokaa jikoni. Hili peke yake lingeonyesha hitilafu ya Mei ndani ya wiki chache.

Kila miezi mitatu, vichujio vya midomo ya bomba vivuliwe na kuoshwa, koki zote za kutenga zifungwe na kufunguliwa mara moja ili zisigande, na rangi ya chakula itiwe vyooni. Trapu ya mafuta ya jikoni isafishwe kila mwezi, kwa kijiko kikubwa, na mafuta yaende kwenye takataka.

Kila miezi sita matanki yaoshwe. Kwa tanki la lita 1,500: limwagwe, lisuguliwe bila sabuni, lijazwe, kisha litiwe lita 2.1 za dawa ya klorini ya kufulia yenye nguvu ya asilimia 3.5, isiyo na manukato. Hiyo inatoa miligramu 50 kwa lita. Koki ya hita ifungwe kwanza, kwa sababu klorini nyingi hivyo hula chuma cha ndani ya hita. Kila bomba lifunguliwe hadi harufu ya dawa ifike, mfumo ukae saa 12, na katika muda huo hakuna anayekunywa wala kupika kwa maji hayo. Kisha yamwagwe juu ya ardhi tupu mbali na mimea, yasiende septiki, ambako yataua vijidudu vinavyofanya kazi huko. Wakati huohuo wenzo wa valvu ya usalama ya hita unyanyuliwe kidogo kuona kwamba maji yanatoka na kufunga tena. Anayetumia maji ya kisima badala ya yale ya Ziwa Victoria, hasa kisima chenye chuma, aoshe tanki mara mbili zaidi ya hapo.

Kwa pampu, jambo la kuangalia ni swichi ya boya ndani ya tanki la chini. Umeme ukikatika na maji ya mtaa yakikosekana siku hiyohiyo, pampu isiyo na swichi hiyo itazunguka kavu umeme ukirudi, na itaungua kabla mtu hajasikia.

Mchoro wa mabomba ulitengenezwa upya kwa kupima kutoka kona za kuta, na picha za ukuta ulio wazi zikaambatishwa zikiwa na futi ndani yake. Bili ya Agosti ilisoma yuniti 18. Korido iliachwa bila rangi hadi kipande cha nailoni kilichobandikwa ukutani kwa saa 24 kilipotoka bila jasho nyuma yake, na hilo lilichukua wiki tano. Septiki itafunguliwa mwezi wa Novemba, mvua zikiwa zimeanza, kuona kama tope limefika kwenye bomba la kutokea.